Wanagenzi na Wazoefu: Suala la Kuwatenga Wanaojifunza katika Historia ya Msaada wa Kitaalamu Mpanda, 1950–2012

Ikisiri

Makala haya yanachunguza iwapo wanaoanza kujifunza kazi wanapaswa kutengwa na waliokwisha kuizoea wanapopewa msaada wa kitaalamu. Suala hilo linatazamwa kupitia historia ya Wilaya ya Mpanda, ambayo tangu mwaka 2012 imekuwa kitovu cha Mkoa wa Katavi. Mipango iliyochunguzwa ni ya mgodi, makazi ya kilimo, kisomo cha watu wazima, makazi ya wakimbizi na huduma za ugani. Makala yanadai kwamba kutenga kulifaa pale mpaka ulipowekwa juu ya somo na ukawa na mlango wa kupitia. Kulidhuru pale mpaka ulipowekwa juu ya mtu na mlango ukafungwa.

1.0 Utangulizi

Penye ujuzi unaogawanywa na wengi huzuka swali lilelile: je, anayeanza aketi pamoja na aliyebobea, au kila mmoja apewe baraza lake? Wanaotetea kutenga husema kwamba mzoefu huchoshwa na maswali ya mwanzo yanayorudiwa kila siku, na kwamba mwanagenzi naye huona haya kuuliza mbele ya wajuzi. Wanaopinga husema kwamba mwanagenzi akitengwa hubaki na wanagenzi wenzake, hivyo kosa la mmoja huwa kosa la wote kwa kuwa hakuna wa kulisahihisha. Hoja zote mbili zina uzito, na hakuna inayoweza kuamuliwa kwa nadharia peke yake. Ndiyo maana makala haya yanaitafuta hukumu katika historia.

Katika makala haya, mwanagenzi ni mtu yeyote anayejifunza kazi, awe kijana au mzee. Mzoefu ni yule anayeweza kuifanya kazi hiyo bila kuelekezwa. Kutenga ni utaratibu wowote unaowafanya wawili hao wasipate msaada mahali pamoja, kwa wakati mmoja au kutoka kwa mtu mmoja.

Mpanda inafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu historia yake ya karne ya ishirini ni historia ya watu wanaofika. Katika nchi ya Wabende, Wapimbwe na Wakonongo walikuja vibarua wa mgodi na wa reli, kisha wakimbizi kutoka Burundi, kisha wafugaji na wakulima wa Kisukuma waliohamia kwa wingi katika miongo ya mwisho ya karne hiyo. Kila kundi lilifika na ujuzi fulani na likakosa ujuzi mwingine. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo inamtazama mgeni kama mtu mwenye kitu mkononi. Kama itakavyoonekana, mipango mingi ya msaada ilimtazama kama mtu wa mikono mitupu.

2.0 Mgodi na Reli: Mpaka Usio na Mlango, 1950–1960

Mji wa Mpanda ulikua kwa sababu ya madini ya risasi. Kampuni ya Uruwira Minerals iliendesha mgodi huo baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na kwa ajili yake ilijengwa tawi la reli kutoka Kaliua, lenye urefu wa takriban kilomita 210, ambalo lilifunguliwa mwaka 1950. Kabla ya hapo, misitu ya miombo na uhaba wa barabara uliifanya wilaya hii kuwa miongoni mwa sehemu zilizokuwa mbali zaidi na masoko ya Tanganyika.

Kazi ya mgodi ni kazi ya ngazi nyingi za ujuzi. Kuna kupima mwamba, kulipua, kuendesha mitambo, kutenganisha madini na mawe, na kuna kubeba na kuchimba. Katika migodi ya kikoloni ya Afrika ya Mashariki na Kusini, mstari kati ya ngazi hizo ulifuata rangi ya mtu zaidi ya uwezo wake. Fundi mkuu na mpimaji alikuwa Mzungu, naye Mwafrika aliajiriwa kama kibarua, hata baada ya kuifanya kazi ileile kwa miaka. Mwanagenzi katika mfumo huo alikuwa mwanagenzi wa kudumu.

Mgodi ulifungwa mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Reli ilibaki na mji ulibaki, ila ujuzi wa kitaalamu wa kuendesha mgodi ulikuwa mali ya walioondoka. Mfano huu ni wa mwisho kabisa wa kutenga. Unaonyesha kwamba mpaka usiovukika haufundishi chochote hata kama pande zote mbili zinafanya kazi katika shimo moja. Kukaribiana kwa miili si kukaribiana kwa ujuzi.

3.0 Kumtenga Aliye Tayari: Makazi ya Kilimo, 1961–1966

Baada ya uhuru, serikali ilipokea ushauri wa ujumbe wa Benki ya Dunia ambao ripoti yake ilichapishwa mwaka 1961. Ujumbe huo ulipendekeza njia mbili za kuendeleza kilimo. Ya kwanza ilikuwa uboreshaji, yaani kumshauri mkulima hapohapo alipo ili aongeze mavuno hatua kwa hatua. Ya pili ilikuwa mageuzi, yaani kuwakusanya wakulima wachache katika makazi mapya yenye mitambo, mtaji na usimamizi wa karibu.

Njia zote mbili zilikuwa na kutenga ndani yake. Katika uboreshaji, mabwana shamba walikuwa wachache mno kuliko vijiji, hivyo walielekea kwa mkulima aliyeonekana kuwa na bidii na uwezo, kwa matumaini kwamba jirani angetazama na kuiga. Katika mageuzi, waliochaguliwa walihamishwa kabisa kutoka kwa majirani zao. Mfano wa karibu na Mpanda ni Urambo, kwenye njia ya reli iendayo Kaliua. Huko mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 uliporomoka, na Shirika la Kilimo la Tanganyika likairithi ardhi hiyo na kuendeleza wapangaji wa tumbaku chini ya usimamizi wake.

Mantiki ya mpango huu ilikuwa nyepesi: fundisha aliye tayari, naye atamfundisha asiye tayari. Udhaifu wake ulikuwa katika sehemu ya pili. Hakuna aliyempa mkulima aliyechaguliwa wajibu wa kumfundisha mwenzake, wala muda, wala sababu. Aidha, jirani aliyetazama trekta kutoka upande wa pili wa uzio hakuwa na namna ya kuiga trekta. Gharama za makazi hayo zilikuwa kubwa kuliko mapato yake, na mwezi Aprili 1966 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alitangaza kwamba makazi mapya ya aina hiyo yasingeanzishwa tena. Mwaka uliofuata, Azimio la Arusha na maandishi ya Mwalimu Nyerere kuhusu ujamaa vijijini yalionya dhidi ya kuzuka kwa tabaka la wakulima wachache wenye nguvu juu ya wengine. Onyo hilo lilikuwa pia hukumu juu ya namna msaada ulivyogawanywa.

4.0 Kumtenga Anayeanza: Kisomo cha Watu Wazima, 1970–1975

Katika hotuba yake ya kuukaribisha mwaka mpya, Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 TANU iliazimia kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika nchini kote kabla ya mwisho wa mwaka 1975. Mpanda, kama wilaya nyingine, ilitakiwa kuandikisha wanakisomo na kuwapatia walimu. Mfumo uliotumika, ulioitwa kisomo chenye manufaa, ulikuwa umejaribiwa kwanza katika mikoa ya Ziwa kuanzia mwaka 1968 kwa msaada wa UNESCO. Vitabu vyake vilifundisha herufi kupitia kazi za msomaji mwenyewe, kama vile pamba, ndizi, ufugaji na uvuvi.

Hapa kutenga kulielekezwa kwa anayeanza, na kulifanywa kwa hatua. Wanakisomo walipangwa katika hatua nne, na katika mtihani wa taifa wa Agosti 1975 waliofaulu hatua ya tatu na ya nne ndio waliohesabiwa kuwa wamejua kusoma na kuandika. Walioandikishwa nchini walizidi milioni 5, waliofanya mtihani walikuwa takriban milioni 3.8, na waliofaulu hatua hizo mbili za juu walikuwa takriban milioni 1.4. Idadi ya wasiojua kusoma na kuandika ilishuka kutoka takriban theluthi mbili ya watu wazima hadi asilimia 39.

Faida ya mpangilio huu haipaswi kudharauliwa. Mtu mzima mwenye wajukuu ana mengi ya kupoteza anapokosea mbele ya watu. Darasa la watu wa hatua yake lilimpa mahali ambapo kosa halikuwa fedheha, kwa kuwa kila aliyeketi pale alikosea vivyo hivyo. Wahenga wanasema kuuliza si ujinga, lakini methali hiyo hufanya kazi tu mahali ambapo muulizaji hachekwi. Akina mama, waliokuwa wengi katika madarasa hayo, walinufaika hasa na ulinzi huo.

Hata hivyo mpangilio huo ulizaa kasoro mbili. Ya kwanza ni jina. Mwanakisomo aliitwa ngumbaru, na neno hilo likatoka darasani likageuka kuwa kejeli mtaani. Hatua ya kujifunza, ambayo kwa asili ni ya kupita, ikawa sifa ya mtu. Ya pili ni walimu. Waliobobea walibaki shuleni na vyuoni, na wanaoanza wakaachiwa kwa sehemu kubwa walimu wa kujitolea, wengi wao wakiwa vijana waliomaliza darasa la saba. Aliyehitaji mwalimu hodari kuliko wote ndiye aliyepewa mwalimu mchanga kuliko wote.

Katika miaka hiyohiyo kulikuwa na mpango wa pili uliofuata njia tofauti. Kampeni za redio, hasa Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliyokadiriwa kuwafikia watu wapatao milioni 2, ziliwakusanya wanakijiji katika vikundi vidogo bila kujali kisomo chao. Kikundi kilisikiliza kipindi, mmoja aliyejua kusoma akakisomea kijitabu, kisha wote wakajadili na kuamua la kufanya. Asiyejua kusoma hakuwa mwanagenzi katika mjadala wa kuchimba choo au kulinda kisima. Mara nyingi yeye ndiye aliyeujua udongo wa kijiji na njia ya maji ya mvua. Mtu mmoja alikuwa mwanagenzi katika darasa la jioni ya Jumatatu na mzoefu katika kikundi cha redio cha jioni nyingine, na mipango miwili iliyomtazama kwa macho mawili tofauti haikugongana. Jambo hili ndilo ufunguo wa hoja ya makala haya.

Mlango wa kutoka hatua moja kwenda nyingine ulifunguliwa zaidi kwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa kuanzia mwaka 1975 kwa kuiga mfano wa Sweden na kwa msaada wake. Chuo cha Msaginya, nje kidogo ya mji wa Mpanda, ni kimoja kati ya hivyo. Mtu aliyetoka kijijini alijifunza useremala, uashi, ushonaji au kilimo, na lengo lilikuwa arudi na ujuzi huo kijijini kwake. Katika fikra hiyo kutenga kulikuwa kwa muda, na kurudi kulikuwa sehemu ya mafunzo.

5.0 Kumtenga Mgeni: Katumba na Mishamo

Mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi yaliwaleta wakimbizi wengi magharibi mwa Tanzania. Makazi ya Katumba yalianzishwa mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978. Serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na shirika la Kilutheri la TCRS walishirikiana kugawa ardhi, kufungua barabara, kujenga shule na zahanati, na kutoa ushauri wa kilimo. Katumba ilikuwa na vijiji 29 na Mishamo vijiji 16. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 uendeshaji wa makazi yote mawili ulikuwa umekabidhiwa kwa serikali.

Makazi haya yalitengwa kwa mipaka ya ardhi na kwa vibali vya kusafiri. Sababu zake zilikuwa za kisiasa na kiusalama, lakini athari yake katika ujuzi ni ya moja kwa moja. Mkimbizi alihesabiwa kuwa mtu wa kuanza upya, na kwa mambo fulani ndivyo ilivyokuwa. Msitu wa miombo, majira ya mvua ya Mpanda na ndorobo havikufanana na vilima vya nyumbani kwake. Hata hivyo, katika kilimo cha maharage na migomba na katika kutumia eneo dogo kwa mazao mengi, mkulima kutoka Burundi alikuwa mzoefu wa vizazi. Ugeni wa mahali si uchanga wa kazi. Mpango unaochanganya mambo hayo mawili humfundisha mtu anachokijua na kumnyima jirani nafasi ya kujifunza kutoka kwake.

Muda ulionyesha hivyo. Makazi hayo yakawa maeneo yenye uzalishaji mkubwa wa mahindi, maharage, mihogo na tumbaku, na soko likavuka mpaka ambao ushauri wa kitaalamu ulichelewa kuuvuka. Mwaka 2014, uraia wa wakimbizi wapatao 162,000 wa mwaka 1972 waliokuwa wamekubaliwa ulithibitishwa, na hoja ya kuwatenga kwa misingi ya asili ikapoteza uhalali wake wa kisheria.

6.0 Bani la Tumbaku na Huduma za Ugani tangu 1989

Tumbaku ya mvuke inaonyesha kwa uwazi kile kinachopotea au kuokolewa katika suala hili. Mkulima huanza na kitalu, huhamisha miche shambani, hukata vikonyo, huondoa machipukizi, na huchuma majani kutoka chini kwenda juu kadiri yanavyokomaa. Hadi hapo kosa la mwanagenzi humpunguzia mavuno. Lakini katika bani, ambamo majani hukaushwa kwa moto kwa siku kadhaa mfululizo, kosa humwondolea mavuno. Kwanza joto huachwa dogo ili jani ligeuke manjano, kisha huongezwa ili jani likauke, kisha huongezwa tena ili mshipa wa kati ukauke. Joto likipandishwa mapema, jani hubaki na ukijani. Likichelewa, jani huharibika na kubadilika rangi. Usiku mmoja wa uzembe hushusha daraja la tumbaku ya miezi kadhaa, na deni la pembejeo hubaki palepale.

Ujuzi huu hauelezeki wote kwa maneno. Mwanagenzi anahitaji kuingia bani na mzoefu, kulishika jani, kuinusa hewa na kuona wakati wa kuongeza kuni. Akitengwa katika hatua hii, anatengwa na somo lenyewe. Kinyume chake, somo la kusoma kipimajoto, kuandika kumbukumbu za kuni na kuhesabu deni linaweza kutolewa vizuri zaidi kwa wanaoanza peke yao, bila mzoefu kuona kwamba anapotezewa siku.

Mwaka 1989 serikali, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilianza mradi wa kufufua ugani uliofuata mfumo wa mafunzo na matembezi. Afisa ugani alifunzwa kwa vipindi, kisha alimtembelea kwa ratiba maalumu mkulima wa mfano, ambaye alitarajiwa kuwafikishia wengine ujumbe. Msomaji ataona kwamba hii ilikuwa fikra ya mwaka 1961 iliyorudi ikiwa na ratiba. Tatizo nalo lilirudi: ujumbe ulifika kwa mkulima wa mfano na mara nyingi ukaishia kwake. Tena, kwa kuwa ujumbe ulikuwa mmoja kwa wote, mzoefu aliuona wa kitoto na mwanagenzi aliuona mgumu.

Mashamba darasa, ambayo asili yake ni Indonesia mwaka 1989 na ambayo yalienea nchini chini ya programu ya kuendeleza sekta ya kilimo iliyoanza mwaka 2006, yalijaribu kuchanganya. Kikundi cha wakulima wapatao 20 hadi 30 hukutana katika shamba moja kwa msimu mzima, hulinganisha kipande kilicholimwa kwa mazoea na kipande kilicholimwa kwa njia mpya, na huamua wenyewe. Katika mkoa ambako mwenyeji, Msukuma mwenye plau na ng'ombe, na mkulima wa Katumba hukutana sokoni, utaratibu huo una thamani ya pekee. Una hatari yake pia. Mzoefu mwenye sauti na shamba kubwa huweza kuliteka darasa, na mwanagenzi akawa mtazamaji aliyeorodheshwa.

7.0 Mjadala

Mipango hii inatoa vigezo vitatu. Kigezo cha kwanza ni msingi wa mpaka. Mgodini ulikuwa rangi, makazini ulikuwa asili, kwa mkulima bora ulikuwa mali na bidii iliyoonekana. Katika kisomo peke yake mpaka uliwekwa juu ya kile mtu alichokuwa bado hajakijua, na hapo ndipo wengi walipovuka.

Kigezo cha pili ni mlango. Kutenga kunavumilika pale ambapo njia ya kutoka inajulikana tangu siku ya kuingia. Mtihani wa hatua, pamoja na ukali wake, ulikuwa mlango. Kibarua wa mgodi hakuwa na mtihani wa kufaulu.

Kigezo cha tatu, ambacho mijadala mingi hukisahau, ni nani anayebaki na wanaoanza. Karibu kila kutenga kulikoshindwa kulimwondoa mzoefu kutoka upande wa wanagenzi bila kumwachia wajibu wowote. Mzoefu alipumzishwa maswali, na wanagenzi wakalipia mapumziko hayo. Pale ambapo mzoefu alirudi, kama ilivyotarajiwa kwa wahitimu wa Msaginya au kama ilivyo kwa msimamizi wa bani anayekesha na kijana, ujuzi ulivuka.

Huenda ikadaiwa kwamba kuchanganya wote daima ndiyo haki. Kisomo kinaikanusha hoja hiyo. Mtu mzima aliyeogopa kuchekwa asingefika kamwe kwenye baraza la wajuzi kama asingepewa kwanza darasa lake. Usawa unaomlazimisha anayeanza kujifunza mbele ya wanaomhukumu ni usawa wa jina tu.

8.0 Hitimisho

Historia ya Mpanda haiungi mkono kutenga kwa jumla wala kuchanganya kwa jumla. Inaunga mkono kugawa masomo na kuwaacha watu wakiwa jirani. Wanaoanza wapewe saa yao na mahali pao kwa yale ambayo aibu huyazuia na marudio huyajenga. Wachanganywe na wazoefu kwa yale ambayo mkono na jicho peke yake huyafundisha. Mzoefu naye apewe wajibu unaojulikana, kwa kuwa matumaini kwamba jirani ataiga yamejaribiwa mara mbili katika nchi hii na mara zote mbili hayakutosha.

Suala hili halijapitwa na wakati Katavi. Mkoa unaendelea kupokea watu, na maafisa ugani ni wachache kuliko vijiji vinavyowahitaji. Kila afisa anayepanga ratiba yake ya wiki anaamua, hata kama hakukusudia, nani atakutana na nani. Uamuzi huo ukifanywa kwa kuangalia somo, msaada mdogo uliopo utafika mbali. Ukifanywa kwa kuangalia nani ni mgeni, nani ana shamba kubwa au nani husema vizuri mkutanoni, utaishia kwa walewale, na wanagenzi wa mwaka huu watakuwa wanagenzi wa mwaka ujao.